Mwalimu wa Kandanda Aliyelipwa Soksi

Jimmy Hogan alipokuwa kijana mshambuliaji wa klabu ya Burnley, mwanzoni mwa karne ya ishirini, siku moja aliwapita walinzi, akabaki yeye na mlinda mlango, akaupiga mpira kwa nguvu, nao ukapaa juu ya mwamba. Baada ya mchezo alimwendea meneja wake, Spen Whittaker, akamwuliza kwa adabu kosa lake lilikuwa lipi: je, ni mguu wa kusimamia uliokaa pasipo pake, au ni mwili uliopoteza mizani? Akajibiwa kwamba asijisumbue kwa mambo hayo, aendelee kupiga tu, maana akipata bao moja katika mikwaju kumi atakuwa ametenda vyema. Wachezaji wengi wangeliridhika na jawabu hilo, wakenda zao kuoga. Hogan hakuridhika, na mimi naona kwamba kazi yake yote ya miaka iliyofuata, katika nchi saba au nane, ilikuwa ni kulitafutia jawabu swali ambalo watu wa kwao hawakuliona kuwa ni swali.

Alizaliwa mwaka 1882 katika mji wa Nelson, jimbo la Lancashire, katika nyumba ya Wakatoliki wenye asili ya Ireland, na wazazi wake walitaraji kwamba mtoto huyo atakuja kuwa padri. Mpira ukamshinda nguvu. Alichezea Rochdale, Burnley, Fulham, Swindon na Bolton, wala hakuwa nyota. Alikuwa mchezaji wa kadiri, mwenye akili kuliko mbio, na goti lake lilikuwa likimsumbua. Fulham ndiko alikopata faida kubwa zaidi, kwani huko aliwakuta Waskoti waliozoea kupeana pasi fupi fupi za chinichini, mpira ukitembea kwa hesabu kutoka mguu hadi mguu, badala ya kuurusha mbali na kuufukuza kama ilivyokuwa ada ya Waingereza.

Yafaa msomaji aelewe hali ya mazoezi ya zama hizo, la sivyo ajabu ya mtu huyu haitamdhihirikia. Katika klabu nyingi za Uingereza, mchezaji wa kulipwa alishinda wiki nzima akikimbia kuuzunguka uwanja na kunyosha viungo, pasipo kuugusa mpira ila kwa nadra, kwa itikadi kwamba akinyimwa mpira tangu Jumatatu hadi Ijumaa, ifikapo Jumamosi atakuwa na njaa nao. Itikadi hiyo ilishikwa na watu wazima wenye akili timamu, na ilidumu kwa miaka mingi. Hogan aliyatazama hayo akauliza, kama ambavyo yeyote kati yetu angeliuliza: ikiwa Jumamosi ndiyo siku pekee mtu anapoonana na mpira, ataujulia wapi?

Katika ziara moja ya Bolton huko Uholanzi, Waingereza waliifunga timu ya Dordrecht mabao 10 bila jawabu. Wenzake walicheka, lakini yeye aliwaona Waholanzi wale kuwa ni vijana wenye ghera na akili waliokosa mtu wa kuwafundisha, akaazimia kurudi. Mwaka 1910, angali na umri wa miaka 28 na kabla hajaacha kucheza, akarejea Dordrecht kuwa mwalimu wao, na Oktoba ya mwaka huohuo akaiongoza timu ya taifa ya Uholanzi kuishinda Ujerumani 2-1. Miaka miwili baadaye aliitwa Vienna na Hugo Meisl, bwana mkubwa wa kandanda ya Austria, aliyempata kwa kupendekezewa na refa Mwingereza, James Howcroft. Kati ya Meisl na Hogan ulizaliwa usuhuba uliokuja kubadili mchezo wenyewe katika nchi za Ulaya ya kati.

Vita Kuu ya mwaka 1914 ilimkuta Vienna. Akakamatwa kama raia wa nchi adui, mkewe na wanawe wakarejeshwa Uingereza mwaka uliofuata, na yeye akabaki chini ya dhamana ya ndugu wawili Waingereza, matajiri wenye duka kubwa mjini humo, akiwafundisha watoto wao tenisi. Hatimaye wakuu wa klabu ya MTK ya Budapest walifanya hila na suluhu hata akaruhusiwa kuhamia Hungaria, kwa sharti la kwenda kujionyesha polisi mara kwa mara. Huko alipata alichokuwa akikitafuta, nacho ni wanafunzi. Inasimuliwa kwamba aliwaona vijana wawili, György Orth na József Braun, wakichezacheza mpira katika bustani moja ya mjini, akawachukua palepale, na wote wawili wakawa wachezaji wa kusifika. MTK ikatwaa ubingwa wa mwaka 1917 na wa mwaka 1918, ikaendelea kuushika hadi mwaka 1925. Alichowafundisha hakikuwa siri wala sihiri: kuutuliza mpira kwa mguu wowote na kwa kifua, kuupeleka palipo na mwenzako, na kufikiri kabla haujakufikia.

Vita vilipokwisha akarudi kwao, mfuko mtupu. Alisikia kwamba Chama cha Kandanda mjini London kinawasaidia kwa pauni 200 wachezaji wa kulipwa walioharibikiwa na maisha kwa sababu ya vita, akaenda kuomba. Frederick Wall, katibu wa chama, alimpa soksi jozi tatu za rangi ya kaki, akimkumbusha kwamba soksi kama hizo ndizo walizopelekewa vijana waliokuwa mstari wa mbele. Maana yake haikufichika: mtu aliyekaa vitani akifundisha mpira katika nchi ya adui alihesabiwa kuwa karibu na haini, ijapokuwa alikuwa mateka asiyekuwa na hiari. Mimi sishangazwi na uchungu wa watu waliozika wana wao, lakini karani mwenye adabu angeliweza kusema hapana bila ya kutoa soksi.

Akafundisha Uswisi, akarudi Budapest, akaenda Dresden nchini Ujerumani. Kuna kisa cha mhadhara wake mmoja huko, ambapo Kijerumani chake kibovu kiliwachekesha wasikilizaji. Akaomba radhi, akatoka, akarudi amevaa jezi na kaptura, kisha akavua viatu akaupiga mpira kwa mguu mtupu, wa kulia na wa kushoto, dhidi ya ubao uliokuwa mbali hata ubao ukapasuka, na kicheko kikakoma. Mwaka 1932 Meisl alimwita kuiandaa Austria kwa mchezo wa Stamford Bridge, ambako Waingereza walishinda kwa taabu, 4-3.

Nyumbani bahati ilimpindukia. Mwaka 1934 Fulham walimpa umeneja, lakini wachezaji wakongwe walinung'unika kwamba watu wa kulipwa hawahitaji kufundishwa mpira, naye akafukuzwa baada ya michezo 31, akiwa hospitalini. Aston Villa ndio waliomstahi. Aliichukua timu iliyokuwa imeshuka daraja, akairudisha ya kwanza mwaka 1938, mwaka uleule ilipofika nusu fainali ya Kombe la FA.

Novemba 25, 1953, Hungaria waliwashinda Waingereza Wembley, 6-3, nao hawakuwa wamewahi kushindwa kwao na timu ya bara la Ulaya. Hogan, mzee wa miaka 71, alikuwa kwenye majukwaa pamoja na vijana wa Villa aliowaleta kujifunza. Baada ya mchezo Sándor Barcs, rais wa chama cha Hungaria, alitamka kwamba kila wanachokijua walifundishwa na Hogan. Nadhani kulikuwa na taadhima ya mgeni katika kauli hiyo, kwani kabla ya Hogan MTK walifunzwa na Mskoti, John Tait Robertson, na baada yake Wahungaria walitumia akili zao wenyewe kwa miaka mingi. Puskás, nahodha wa Hungaria siku ile, hakuwa hata amezaliwa Hogan alipoondoka Budapest mara ya kwanza. Hata hivyo silsila ni bayana: Gusztáv Sebes, aliyeisimamia timu ile, alikuwa mchezaji wa MTK, na Hidegkuti, aliyefunga mabao matatu siku ile, alikuwa mchezaji wa klabu hiyohiyo. Walioshindwa Wembley hawakushindwa na jambo geni. Walishindwa na jambo walilokuwa nalo nyumbani, wakalidharau kwa kuwa waliona kwamba mpira haufundishiki.

Hogan alifariki mjini Burnley Januari 30, 1974, mwenye umri wa miaka 91. Julai ya mwaka huo Ujerumani Magharibi ilitwaa Kombe la Dunia mjini Munich kwa kuishinda Uholanzi 2-1, na mwalimu wa Wajerumani alikuwa Helmut Schön, ambaye ujanani mwake, katika klabu ya Dresden, alifundishwa na Jimmy Hogan.