Mtawa Aliyehesabu Wafu wa Enzi ya Yōwa

Kazi yangu ilikuwa kuandikisha vizazi na vifo hadi nilipostaafu, na labda ndiyo sababu habari za mtawa Ryūgyō hazinitoki moyoni. Aliishi Kyoto, mji mkuu wa Japani wakati huo, katika enzi ya Yōwa iliyoanza mwaka 1181 ikaisha 1182. Haikutimiza hata mwaka mmoja.

Huko miaka ilipewa jina kwa amri ya Kaizari. Akitawazwa mwingine, au likizuka janga, wanazuoni wa ikulu walitafuta jina jipya la heri, na hesabu ikaanza tena. Jina la Yōwa lilitangazwa kwa ajili ya Kaizari Antoku, aliyekalishwa kitini kabla ya kutimiza miaka miwili. Nguvu zote zilikuwa mikononi mwa ukoo wa mama yake, Taira. Kule mashariki, Minamoto no Yoritomo, aliyekuwa ameshika silaha dhidi yao, alilikataa jina hilo. Huko Kamakura aliendelea kuhesabu kwa enzi iliyotangulia, Jishō, kwani kuandika Yōwa kungekuwa kumkubali mtoto yule pamoja na waliomweka.

Wakati wakubwa wakigombania tarehe, Kyoto ilikuwa inakufa njaa. Mji ule haukulima. Ulilishwa na mashamba ya mikoani. Ukame ukaunguza mpunga, na vita vikafunga njia za mashariki na kaskazini. Kamo no Chōmei, aliyekuwa kijana wakati huo, aliyaona haya na baadaye akayaandika. Watu walitoa vitu vyao vya thamani wakakosa hata wa kuvitazama, maana nafaka ilikuwa imeipita dhahabu. Wengine walibomoa nyumba zao wauze mbao kama kuni, na mzigo mzima haukumtosha mtu kula siku moja. Katika kuni hizo Chōmei aliona vipande vyenye rangi nyekundu na dhahabu. Alipouliza, akaambiwa kuna waliokuwa wakiingia katika mahekalu ya kale, wakaiba sanamu za Buddha na kuzipasua.

Panaponiuma zaidi ni pale anapoeleza kwamba kati ya wawili wapendanao, aliyependa zaidi ndiye aliyetangulia kufa, kwa kuwa kila alichopata alimpa mwenzake. Ndivyo wazazi walivyokufa kabla ya watoto. Kulikuwa na vichanga vilivyonyonya bila kujua kwamba mama ameshakata roho.

Ryūgyō wa hekalu la Ninna-ji hakuwa na chakula cha kuulisha mji. Alipita barabarani, na kila alipokuta maiti aliandika katika kipaji cha uso herufi A ya maandishi matakatifu ya Kihindi, ili kumuunganisha marehemu na Buddha. Kisha wakahesabiwa. Kwa mwezi wa nne na wa tano, katika nusu ya mashariki ya mji peke yake, walipatikana zaidi ya 42,300. Chōmei anasema wazi kwamba waliokufa kabla na baada ya miezi hiyo hawamo, wala wa kando ya mto Kamo, wa Shirakawa, wala wa upande wa magharibi. Mimi naiheshimu sana hesabu hiyo kwa sababu mipaka yake imetajwa. Aliyeandika idadi ya wafu bila kusema ni wa wapi na wa lini hajatuachia kitu cha kutegemea.

Mwishoni mwa mwezi huo wa tano, ikulu iliiacha Yōwa kwa sababu ya maafa, ikatangaza enzi ya Juei. Yoritomo hakulitumia jina hilo pia hadi mwaka 1183, alipopatana na ikulu. Antoku alizama baharini Dan-no-ura mwaka 1185, ukoo wa Taira uliposhindwa. Chōmei aliyaandika aliyoyaona mwaka 1212, akiwa mtawa katika kibanda kidogo mlimani Hino, na jina la Ryūgyō akaliweka katika maandishi hayo.