Kadi ya Michoro na Umeme Wake

Mtu aliyejinunulia kadi ya michoro ili kompyuta yake ya mezani imudu michezo na kazi za video, aghalabu hushughulishwa mno na namna ya kuipachika, ilhali jambo litakalo hadhari kubwa zaidi ni njia itakayoipatia kadi hiyo umeme. Kwani kupachika ni kazi ya dakika chache, bali umeme uliokosea njia huweza kuunguza, kwa nukta moja, kifaa kilichogharimu akiba ya miezi mingi.

Kompyuta na izimwe, waya wake uchomolewe ukutani, kisha kitufe cha kuwashia kibonyezwe ili mabaki ya umeme yaliyomo yaishe. Na kabla ya kuishika kadi, mwenye kazi aguse chuma kitupu cha kasha, maana umeme tuli ujikusanyao mwilini, hata pale mwenyewe asipouhisi, watosha kudhuru saketi. Kadi hushikwa kingoni, ikalinganishwa na ile sloti ndefu ya PCI Express, ikakandamizwa sawasawa hadi kikulabu cha mwisho wa sloti kialike, kisha ikakazwa kwa skrubu.

Ama umeme, sloti hiyo kwa kanuni haitoi zaidi ya wati 75, nazo huzitosha kadi ndogo tu. Kadi kubwa hutaka ziada kutoka pawasaplai kwa waya wa peke yake: plagi ya pini 6 imeidhinishiwa wati 75, na ya pini 8 wati 150, hata kadi yenye plagi mbili za pini 8 ikafikia haki ya wati 375 kwa jumla.

Plagi ya prosesa nayo ina pini 8, na kwa mtazamo wa haraka yafanana na ile ya kadi, walakini njia zake za volti 12 na za kurudishia umeme zimepangwa kinyume. Matundu yake yametofautishwa maumbo makusudi, kwa hiyo plagi inayokataa kuingia isilazimishwe kwa mabavu. Hatari iliyojificha zaidi imo katika pawasaplai zenye nyaya za kuchomoa. Upande wa kadi viwanda vyote hufuata kanuni moja, lakini upande wa pawasaplai kila kiwanda hupanga pini kipendavyo, hivyo waya wa pawasaplai ya zamani huweza kuingia barabara katika mpya, pasipo kizuizi chochote, ukapeleka volti 12 pasipostahili.

Mwaka 2022 ilizuka plagi mpya ya pini 16, yenye kuruhusiwa hadi wati 600, na haukupita muda zikasikika habari za plagi zilizoyeyuka kwenye kadi za RTX 4090. NVIDIA, wabunifu wa kadi hizo, walipochunguza walitaja plagi zisizoingizwa hadi mwisho. Mwaka uliofuata plagi ikarekebishwa, pini zake ndogo za ishara zikafupishwa, ili isipoingia yote kadi isivute umeme.



Nakusihi basi, msomaji, ikiwa huna yakini waya ulio mkononi mwako ni wa pawasaplai ipi, usiuchomeke hata kwa kujaribu. Tafuta ule uliokuja nayo katika boksi, au mwulize muuzaji ule ambao kiwanda chake kimeuthibitisha kwa pawasaplai hiyo hiyo.