Je, Wajua? Kabla Mtu wa Mvara Hajajitosa Ziwani

Mvara, mtaa wa jiji la Arua nchini Uganda, hakuna ziwa. Sikukuu ikifika, vijana hukodi gari wakafuate maji. Kabla dereva hajawasha injini, je, wajua…

… kwamba kutoka Mvara kwenda kuogelea ni safari ya kuteremka? Jiji la Arua liko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukifika Pakwach, kilomita 130 hivi kwa barabara, umeshuka hadi karibu mita 620, usawa wa Ziwa Albert na Naili inayotoka humo. Joto huongezeka, na wenyeji wa majini nao huongezeka: mamba, viboko, konokono.

… kwamba wa kuogopwa na wengi zaidi kati ya hao watatu ni konokono? Ndani yake hukua vijidudu vya kichocho. Konokono mmoja aliyeambukizwa anaweza kutoa mamia hadi maelfu ya vijidudu kwa siku. Huvioni kwa macho, na hupenya ngozi isiyo na hata mkwaruzo kwa dakika chache.

… kwamba saa ya kuogelea inayopendwa ndiyo mbaya kuliko zote? Vijidudu vya kichocho cha tumbo, aina iliyoenea huku kwetu, hutoka kwa wingi jua likiwa utosini. Asubuhi na mapema hupungua, lakini haviishi.

… kwamba konokono huyo unaweza kumtafuta mwenyewe? Simama nchi kavu, uvute bua la tete au ugeuze jani la yungiyungi. Ni mdogo, upana wake kama sentimita moja, wa rangi ya kahawia, bapa, amejizungusha kama kamba iliyokunjwa chini. Ukimwona, rudi garini. Usipomwona, bado huna cheti cha usalama, kwani mawimbi huweza kusukuma vijidudu kutoka kwenye matete ya jirani hadi kwenye mchanga msafi.

… kwamba mwinuko wa ziwa ni swali la kwanza la kuuliza? Utafiti uliofanywa Uganda na kuchapishwa 2004 ulionyesha kwamba kichocho cha tumbo hupungua sana juu ya mita 1,400. Ziwa Bunyonyi, karibu na Kabale, liko mita 1,960 hivi. Halina mamba wala viboko, na kwa miaka mingi limesifiwa kuwa halina kichocho.

… kwamba hata hizo mita 1,400 si ukuta? Uchunguzi uliochapishwa 2017 ulikuta kichocho juu ya kiwango hicho, kwenye miteremko ya Mlima Elgon na kwenye maziwa ya kasoko karibu na Fort Portal. Sifa ya jana isikutoshe. Uliza habari za mwaka huu.

… kwamba Bunyonyi nalo lina hila yake? Watalii huambiwa kina chake ni mita 900, ilhali vipimo vya wanasayansi huishia mita 40 hivi. Hata hivyo, ni bonde la milima lililofurika. Hatua chache tu kutoka ukingoni, chini huna pa kukanyaga.

… kwamba maji matamu hayakubebi kama bahari? Maji ya chumvi ni mazito zaidi kwa takriban asilimia 2.5. Aliyezoea kuelea Mombasa ataona anazama kidogo zaidi ziwani.

… kwamba kwenye Ziwa Kivu hatari inaweza kukupata ukiwa umelala ufukweni? Pembezoni mwa Goma, mji ulio ukingoni mwa ziwa hilo, kuna mabonde madogo yanayokusanya hewa ya kaboni dioksidi kutoka ardhini. Watu wa huko huiita mazuku. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, haina rangi, na huua mtoto au mbuzi aliyeshuka shimoni kabla aliyesimama juu hajahisi kitu. Usitandike mkeka kwenye shimo.

… kwamba ziwa kuwa dogo na maji yake kuwa maangavu hakufukuzi mamba? Chala, ziwa la kasoko kwenye mpaka wa Kenya na Tanzania chini ya Kilimanjaro, lina maji ya kuvutia mno. Machi 2002, msichana Mwingereza aliuawa humo na mamba akiogelea.

… kwamba mvua kubwa ni sababu tosha ya kuahirisha? Hukokota kinyesi na taka za mitaa hadi ziwani. Ngoja siku mbili tatu. Na maji yakiwa na utando wa kijani mithili ya rangi iliyomwagika, usiguse, wala usimruhusu ng'ombe kunywa.

… kwamba bwawa la hoteli lenye klorini ya kutosha haliambukizi kichocho? Halina mandhari ya Naili, lakini lipo Arua.

… kwamba kumeza dawa ya kichocho jioni ileile uliyoogelea hakusaidii? Prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, si michanga. Vipimo navyo huhitaji muda: ngoja wiki sita hadi nane.

Kwa hiyo, kama sikukuu iliyopita uliingia maji ya Pakwach au ya Panyimur jirani yake, hata magotini tu, hesabu wiki zako, kisha peleka choo kikapimwe kituo cha afya. Nenda na watoto ulioingia nao.