Roma ya Kiangazi: Joto Kali, Maji Bure

Mwanafunzi mwenzangu, ukienda Roma mwezi wa saba na mfuko wa mwanafunzi, beba chupa tupu. Joto lilikuwa likipita nyuzi 35 na pale karibu na Colosseum maji ya dukani yana bei ya kukutoa machozi. Ya nini? Barabarani kumejaa mabomba mafupi ya chuma yanayomwaga maji baridi na salama, bure kabisa. Wenyeji huyaita nasoni, yaani “mapua”, kwa ule mrija wake uliopinda. Yalianza kuwekwa mwaka 1874, na sasa ni kama 2,500. Ziba mdomo wa mrija kwa kidole, maji yanaruka kupitia kitundu cha juu, unakunywa bila kuinama sana.

Wala si jambo jipya pale. Mwaka 19 K.K. Agrippa alikamilisha mfereji wa Aqua Virgo, kilomita kama 20, karibu wote chini ya ardhi. Pampu hamna, ni mteremko tu. Umekarabatiwa mara nyingi, na hiyo Trevi ambako watalii wanarusha sarafu ilijengwa mwishoni mwa mfereji huo.

Ila ukame wa 2017 ulipobana, nasoni zikaanza kufungwa, na watu wakauliza: wasio na makazi wakanywe wapi? Mimi niko upande wao. Maji yaliyokuwa yakivuja kwenye mabomba chakavu ya chini ya ardhi yalikuwa mengi kuliko ya nasoni zote.