Je, Wajua? Saa Chache za Kusubiri Ndege Dar es Salaam

Je, wajua kuwa kutoka Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere hadi katikati ya jiji ni takribani kilomita 12 tu? Wasafiri wengi wanaounganisha ndege hapa hushinda vitini hadi shingo ziwaume. Inasikitisha, kwani mwenye muda wa saa saba au nane za mchana, na ruhusa ya kuingia nchini, anaweza kuyaona mambo ambayo watu husafiri mbali kuyatafuta.

Utamu unaanzia barabarani. Barabara ya Nyerere inapokutana na ya Mandela kuna daraja la juu lililofunguliwa 2018 na kupewa jina la mhandisi Patrick Mfugale. Tazama pembeni: jengo lile kubwa ni stesheni ya TAZARA. Reli yake inakwenda kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, ili shaba ya Zambia ifike baharini bila kutegemea njia zilizopita kwenye himaya za walowezi na wakoloni wa kusini.

Shukia Posta, katikati ya jiji, uende kwa miguu. Je, wajua kuwa mahali iliposimama Sanamu ya Askari palikuwa na sanamu nyingine? Mwaka 1909 Wajerumani walimsimamisha hapo gavana wao Hermann von Wissmann. Waingereza walipoutwaa mji 1916 walimng'oa, naye akaishia Hamburg, ambako wanafunzi walimwangusha miaka ya 1960. Askari wa shaba tunayemwona leo alizinduliwa 1927, kwa ajili ya Waafrika waliopigana na kubeba mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza. Singe ya bunduki yake imeelekea bandarini. Wenyeji hupishana naye kila siku bila kuinua macho. Mgeni asifanye hivyo.

Ukiwa na nafasi ya kuingia mahali pamoja tu, ingia Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Humo limehifadhiwa fuvu la kiumbe wa kale aitwaye Zinjanthropus, lenye umri wa takribani miaka milioni 1.75. Lilionwa na Mary Leakey tarehe 17 Julai 1959 katika Bonde la Olduvai, siku ambayo mumewe, Louis, alikuwa amebaki kambini akiumwa mafua. Lilikuwa limepasuka vipande vingi mno, na Mary akaviunganisha kimoja kimoja. Magego yake ni mapana ajabu, ndiyo maana alipewa jina la utani la mvunja kokwa. Wengi humdhani babu yetu wa moja kwa moja. Sivyo: wataalamu wanamweka kwenye tawi la pembeni lililokwisha kutoweka, na kwa maoni yangu hilo linamfanya astahili kutazamwa kwa makini zaidi, kwa sababu hakuacha wajukuu wa kumsimulia.

Njaa ikikushika, teremka Feri. Mnada wa samaki huchangamka asubuhi, lakini hata mchana utakuta changu na kibua wakikaangwa kwenye makarai makubwa, na supu ya pweza ikichemka. Hapo jirani ndipo pantoni hukata maji kwenda Kigamboni. Safari ni ya dakika chache, na nauli yake ni ndogo. Panda, simama ukingoni, kisha geuka uangalie ulikotoka: mapaa mekundu ya kanisa la Azania Front na mnara wa Kanisa la Mtakatifu Joseph, lililojengwa kati ya 1897 na 1902, yamebanwa na maghorofa ya vioo. Sijui kituo kingine Dar kinachoonyesha umri wa mji kwa fedha kidogo namna hiyo.

Karibu na hapo, ufukweni, lipo Boma la Kale, la mawe ya matumbawe, lililojengwa miaka ya 1860 enzi za Sultani Majid bin Said wa Zanzibar. Majid alifariki 1870, na mji wake ukapooza hadi Wajerumani walipohamishia hapa makao makuu kutoka Bagamoyo, 1891.

Kwa mpenda picha, Oysterbay kuna wachoraji wa Tingatinga. Edward Said Tingatinga alianza 1968 hivi, akichora wanyama kwa rangi za baiskeli juu ya mbao laini za viwandani. Alifariki 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu, na wanafunzi wake wakaendeleza kazi.

Foleni ya jioni ya Barabara ya Nyerere haina huruma. Ndege ikiwa ya saa mbili usiku, ondoka Posta saa tisa alasiri, na uchukue bodaboda endapo tu begi lako ni dogo.