Nyumba za Shela na Haki ya Binti

Kutoka Amu mjini hadi Shela ni mwendo wa kilomita tatu hivi, kwa miguu kando ya bahari au kwa mashua. Mizigo hubebwa na punda, na mnara wa Msikiti wa Ijumaa, uliojengwa mwaka 1829, waonekana tangu mbali. Wazee husimulia kuwa mababu zao walihama Takwa, kisiwani Manda, maji ya huko yalipogeuka chumvi. Hadi leo watu wa Shela huvuka kwenda kulizuru kaburi la Takwa na kuomba mvua.

Utulivu huo ndio uliowavuta wageni. Tangu hoteli ya Peponi ilipofunguliwa mwaka 1967, Wazungu wengi, baadhi yao wastaafu, wamechukua nyumba kongwe na magofu wakayafufua kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti. Tuwe waadilifu: waashi na wachongaji milango wamepata riziki ya halali, na kuta zilizokuwa zikianguka zimesimama. Utalii ulipodorora baada ya utekaji nyara wa mwaka 2011, dhiki iliingia majumba mengi.

Hata hivyo, lipo jambo ambalo kina mama hulinong'ona zaidi ya kulisema. Kwa ada ya Amu, nyumba ya mawe ilikuwa ya binti. Baba alimjengea bintiye, au alimwongezea ghorofa juu ya nyumba ya mamake, na mume ndiye aliyehamia kwa mke. Mwanamke akiachwa au akifiwa, hapakuwa na wa kumtoa. Nyumba ikiuzwa, sitara hiyo hugeuka fedha. Fedha zikagawanywa, naye akapata nusu ya fungu la kaka yake. Fungu hilo ni haki yake ya kisharia, wala hatuna neno nalo. Ila kwa bei za Shela ya leo halimnunulii hata chumba cha uani.

Wengi hawajui kwamba Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 65, haimruhusu mgeni kumiliki ardhi moja kwa moja. Humpa ukodishaji usiozidi miaka 99. Basi familia yaweza kukodisha kwa muda mfupi zaidi, mgeni akaikarabati nyumba, kisha ikarudi kwa wenyewe. Kwa nini twakimbilia kuuza?

Na baba anayesema, “Nyumba hii ni ya Fulani,” na aikamilishe kauli yake akiwa hai. Katika madhehebu yetu ya Shafii hiba haithibiti mpaka aliyepewa akabidhiwe kitu chenyewe. Maneno ya barazani, hata yakisikiwa na mtaa mzima, hayatoshi. Aite mashahidi, amkabidhi binti nyumba na funguo zake, kisha waende kwa kadhi na kwa msajili wa ardhi, kaka zake wakiwapo.