Mchumi Ikulu: Mafunzo ya Karatu na Ngorongoro

Katika semina za makada na katika vyuo swali hili huulizwa mara kwa mara: kwa kuwa adui mkubwa wa Taifa letu ni umaskini, je, haifai Urais upewe mtu aliyesomea uchumi? Swali hili halipaswi kupuuzwa. Linatokana na mawazo kwamba uchumi ni fani kama udaktari, na kwamba mwenye fani akikabidhiwa mgonjwa atamponya, awe nani mgonjwa huyo. Tunapenda kulijibu kwa mifano halisi, kwanza ya nchi nyingine, halafu ya kwetu, katika wilaya mbili za Mkoa wa Arusha ambako hesabu za mchumi hukutana na ardhi na watu.

Ulaya, kando ya Bahari ya Baltiki, wananchi wa Lithuania wamekwisha kulijibu kwa kura. Tangu 2009 nchi hiyo imeongozwa na wachumi wawili mfululizo: Dalia Grybauskaitė, aliyekuwa Kamishna wa bajeti wa Umoja wa Ulaya, na Gitanas Nausėda, aliyekuwa mchumi wa benki, ambaye alichaguliwa 2019 na tena 2024. Ieleweke kwamba mtu huyu wa benki hakuomba kura kwa kuahidi faida zaidi kwa mabenki. Aliahidi dola inayojali ustawi wa jamii, na kupunguza tofauti kati ya miji mikubwa na mikoa iliyoachwa nyuma. Yaani hata huko, mchumi alipofika mbele ya wapiga kura ilimbidi aseme yuko upande wa nani. Vitabu vyake havikuweza kumsemea.

Karibu na kwetu yuko marehemu Mwai Kibaki. Alisoma uchumi Makerere na London, akafundisha Makerere, akaiacha kazi hiyo mwaka 1960 kwenda kuwa mtendaji wa chama cha KANU, na miaka ya 1970 yote alikuwa Waziri wa Fedha wa Kenya. Aliongoza nchi tangu Desemba 2002 hadi Aprili 2013. Hatuna sababu ya kumnyima sifa yake: mwaka 2003 alifuta ada za shule za msingi, na uchumi uliokuwa umelala ukaamka, hata mwaka 2007 ukakua kwa karibu asilimia 7. Lakini ni mwisho wa mwaka huo huo Kenya ilipowaka moto baada ya uchaguzi. Watu zaidi ya 1,100 walipoteza maisha, wengi wao katika Bonde la Ufa, ambako ugomvi wa ardhi ulikuwa wa tangu enzi za walowezi. Asilimia 7 haikusema lo lote juu ya nani ana shamba na nani hana.

Mkataba wa kuzima moto ule ulitiwa saini Nairobi tarehe 28 Februari 2008. Pamoja na Kofi Annan alikuwapo Ndugu Jakaya Kikwete, wakati huo Mwenyekiti wa Umoja wa Afrika. Naye ni mchumi. Alihitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1975, na badala ya kutafuta kiti cha wizarani akaingia kazi ya TANU huko Singida. Miaka ya kati ya 1980 alifundisha siasa katika Chuo cha Kijeshi cha Monduli, wilaya inayopakana na hizi tunazozizungumzia. Kwa hiyo alipoingia Ikulu Desemba 2005, kwa kura asilimia 80, alikuwa na elimu mbili: ya uchumi na ya Chama. Ndiyo maana mfano wake watufaa kuliko wa mchumi aliyetoka benki moja kwa moja.

Katika kipindi chake uchumi ulikua kwa kati ya asilimia 6 na 7 kwa mwaka katika miaka mingi. Watu walio chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi walipungua kutoka asilimia 34.4 mwaka 2007 hadi asilimia 28.2 mwaka 2011/12. Ni hatua ya kweli. Sasa tuipeleke hesabu hiyo Ngorongoro.

Hifadhi ya Ngorongoro, kilometa za mraba 8,292, iliundwa mwaka 1959 kwa ajili ya wanyama na watu pamoja, baada ya Wamaasai kuondolewa Serengeti. Mwaka 1975 kilimo kilipigwa marufuku ndani yake, mwaka 1992 kikaruhusiwa, na mwaka 2009 marufuku ikarudishwa. Mwaka 1959 wakazi walihesabiwa kuwa wapatao 8,000. Ilipofika 2017 walizidi 90,000. Mifugo haikuongezeka kwa kadiri hiyo, na hivyo jamaa nyingi haziwezi tena kuishi kwa maziwa peke yake. Zinakula ugali, na mahindi yale hayalimwi hifadhini. Hupanda kwa gari kutoka Karatu, kupitia lango la Lodoare.

Hapa ndipo penye somo lenyewe. Mfugaji hupeleka mbuzi mnadani apate fedha za gunia. Mwaka wa mvua mbuzi amenona, mahindi ni mengi, naye hurudi nyumbani na chakula. Ukame ukija, wafugaji wote huuza kwa wakati mmoja, mifugo imekonda, bei yake huanguka. Ukame ule ule umekausha mashamba ya Karatu, kwa hiyo bei ya mahindi hupanda. Bei moja yashuka, nyingine yapanda, na aliye katikati hukatwa. Katika Urusi ya Kisovieti mwaka 1923, bei za mazao ya shamba zilipoanguka huku za bidhaa za viwandani zikipanda, hali ile iliitwa mkasi. Mama wa Enduleni hana haja ya jina hilo. Anajua ni mbuzi wangapi wamekwenda kwa gunia moja.

Wastani wa Taifa hauonyeshi mkasi huu. Mtalii aliyelipa lango siku ile ameongeza pato la Taifa, na mfugaji aliyeuza mbuzi wake wa mwisho naye, katika vitabu, ameuza bidhaa.

Wako wasemao kwamba dawa ni biashara tu: lami ifike, wageni waje, fedha zitateremka zenyewe hadi chini. Karatu yawajibu. Lami kutoka Makuyuni hadi lango la hifadhi ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa msaada wa Japani. Hoteli zimejaa miteremkoni, kando ya mashamba ya kahawa yaliyoanzishwa na walowezi wa Kijerumani, na vitunguu vya Mang'ola vinafika masoko ya mbali. Hata hivyo, tangu 1995 hadi 2020 wananchi wa Karatu waliwapeleka Bungeni wabunge wa upinzani, miaka 25 mfululizo. Kada anayefikiri kwamba barabara hupiga kura aitafakari wilaya hiyo kwa makini. Mkulima wa Kiiraqw aliyaona magari ya watalii yakipita, akauliza yanamwachia nini.

Ndugu Kikwete mwenyewe alikabiliwa na mizani hii huko Loliondo, kaskazini mwa wilaya ya Ngorongoro. Alitaka barabara ya kuwaunganisha wananchi wa huko na Mara kupitia kaskazini mwa Serengeti. Wahifadhi wa dunia nzima wakapiga kelele. Mwaka 2011 serikali ikasema kipande cha ndani ya hifadhi hakitatiwa lami, na mwaka 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki ikaizuia lami hiyo kisheria. Twaona hoja za pande zote mbili zilikuwa na uzito, ila hatukusikia wapinzani wa barabara ile wakieleza kwa ukali ule ule mwanamke mjamzito wa Loliondo afikeje hospitali.

Mwaka 2013 Wizara ya Maliasili ilitangaza kutenga kilometa za mraba 1,500 za Loliondo kwa ajili ya wanyama. Wananchi wakakataa, Waziri Mkuu Pinda akaenda huko na kuusimamisha mpango, na Novemba 2014 Rais alitamka hadharani kwamba Wamaasai hawataondolewa katika ardhi ya mababu zao. Mchumi wa vitabuni angeweza kuonyesha kwa tarakimu kwamba eneo lile lingeingiza fedha nyingi zaidi bila ng'ombe. Mtu aliyewahi kufanya kazi ya Chama alijua kwamba Azimio la Arusha liliitaja ardhi, pamoja na watu, siasa safi na uongozi bora, kuwa mahitaji ya maendeleo, na kwamba fedha haikuwekwa katika orodha ile.

Jambo halikuishia hapo. Juni 2022 mipaka ya eneo lile iliwekwa, pakatokea mapambano, na askari polisi mmoja akauawa. Mwaka huo huo jamaa za ndani ya Hifadhi zilianza kuhamia Msomera, wilaya ya Handeni. Rais Samia Suluhu Hassan, ambaye naye ana shahada ya uzamili ya maendeleo ya uchumi wa jamii, alikutana na wawakilishi wa Wamaasai Arusha tarehe 1 Desemba 2024, na Februari 2025 akazindua tume mbili, moja ya migogoro ya ardhi na nyingine ya zoezi la kuhama.

Kwa kada anayepangiwa kazi tarafa ya Ngorongoro, au mwanafunzi anayekwenda kufanya utafiti huko, tunashauri asianze na taarifa ya pato la utalii. Aende mnadani. Aulize leo kwa mbuzi mmoja mtu hupata madebe mangapi ya mahindi ya Karatu, na mwaka wa ukame uliopita alipata mangapi, aandike majibu yote mawili, kisha ndipo afungue jedwali la asilimia.